Tonge la Mwisho

Pale kwa dobi alikofanya kazi, mama huyu walimwita Kiguu na Njia. Alipiga pasi akiutupia mlango jicho, chai aliinywa wima, na nyumbani alikula kando ya jiko, akabakiza tonge moja, akakimbilia ufagio. Ukimkaribisha kiti, alikushukuru huku anaondoka.

Usimcheke sana. Alipokuwa na miaka sita, mama yake alimpakulia, akamwambia, "Maliza, mwanangu. Ukimaliza nitakuwa nimerudi." Akamaliza, akalamba hadi sahani. Mama hakurudi, na shangazi aliyemlea hakuwa mtu wa maelezo. Tangu siku hiyo hakuwahi kumaliza chakula, wala hakumwambia mtu sababu.

Binti yake wa pekee, wa miaka kumi na sita, alianza kwa kubakiza tonge kama yeye. Yakawa matatu, ikawa sahani nzima. Kiguu na Njia aligomba, akabembeleza, akapika hiki na kile, wapi! Sketi ya shule aliipunguza mara mbili na bado ilipwaya. Leo asubuhi msichana alianguka darasani. Muuguzi hakumung'unya maneno: moyo wa mtoto unapiga polepole mno, asipokula wiki hii atalazwa.

"Na wewe mama," akaongeza, "kaa naye mezani mpaka mwisho."

Heri angeambiwa apige pasi za mwezi mzima. Jioni alikaa, magoti yakicheza chini ya meza, masikio yakiwa uani kwenye nguo alizoanika. Akala, akabakiza tonge. Binti hakugusa kitu.

"Nenda tu, mama. Najua una kazi."

"Kazi haiishi. Mbona huli, mwanangu?"

Binti alikwaruza meza kwa ukucha. "Nikimaliza, unachukua sahani unaenda zako. Nikibakiza, unarudi."

Maneno hayo yalimchoma. Alijiona wa miaka sita, mbele ya sahani tupu, akashikwa na huruma, asijue anamwonea nani zaidi. Mvua ikaanza kugonga bati. Nguo! Miguu ilitaka kuinuka yenyewe. Akashika kiti kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachukua lile tonge lake, akalimeza kwa shida.

"Nimemaliza," alisema. "Na nipo."

Binti alimtazama, akautazama mlango, kisha akamega tonge dogo kama la mtoto anayeachishwa ziwa. Akatafuna polepole sana. Uani nguo zililowa zote, na hakuna aliyeinuka.