Gauni la Mama, Kiwiliwili cha Baba

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu na mama fundi, kibarazani kwake Nyamisangura. Harufu ya pasi ya mkaa hunirudisha pale kila mara. Nilitaka kwenda kanisani na gauni la marehemu mama, lakini mshono wa kiuno ulinikaa mbavuni.

"Dada, kiuno kimepanda kwapani!" mdogo wangu akacheka.

"Kiwiliwili kirefu hiki ni cha marehemu baba yenu," fundi akasema. Akafumua mshono, akakata ukanda kwenye kitenge alichojifunga, akauunga katikati. "Ukiacha kurefuka, uniletee kitenge kingine."

Niliacha kurefuka zamani. Mdogo wangu ameolewa mbali. Leo nimelipiga pasi gauni lile peke yangu, na kitenge cha fundi bado sijampelekea.