Uwezo Wangu na Kasoro Zangu, Alivyoambiwa Kaka

Kuku nilimtafuta mimi, nikampeleka kuchinjwa mimi, nikamnyonyoa na kumkaanga mimi, na firigisi akaila kaka yangu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikilikumbuka damu inanichemka. Watu wa nyumbani huniambia, miaka yote hii bado unang'ang'ania firigisi. Sing'ang'anii firigisi. Nang'ang'ania maneno yaliyosemwa wakati inaliwa.

Kaka alikuwa na duka la intaneti Singida mjini, jirani na stendi. Chumba hicho zamani baba aliuzia khanga na vitenge, wakati biashara huria iliporuhusiwa na nguo za nje zikaanza kuingia kwa wingi. Baadaye khanga zikajaa kila mlango, baba akafariki, kaka akarithi chumba na kuweka kompyuta za mitumba kutoka Dubai. Kaka alikuwa mtu wa mipango. Mipango ilikuwa yake, kukaa dukani kulikuwa kwangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, chuo nimekikosa, mume sina, kwa hiyo kwa mawazo ya nyumbani nilikuwa mtu asiye na kazi. Mtu huyo asiye na kazi ndiye aliyefungua duka kila asubuhi, akafuta vumbi ambalo upepo wa Singida huliingiza hata ukifunga madirisha, akawafungulia watu barua pepe zao, akawasomea wasioona vizuri na kuwaandikia wasiojua mashine. Kaka alishinda kwenye kijiwe cha drafti nyuma ya stendi. Huko alikuwa bingwa kweli, hilo simnyimi.

Mchana, wateja wakipungua, nilicheza sataranji mtandaoni. Nilifundishwa sekondari na mwalimu wetu wa hesabu, kwa seti ambayo farasi mmoja alipotea tukaweka kizibo cha soda mahali pake. Mtandaoni nilipenda ile michezo ya haraka, ya dakika tatu. Kila mchezaji anapewa dakika tatu za mchezo mzima, na zikimwishia ameshindwa hata kama ubao wote ni wake. Sasa mtandao wetu ulipita kwenye waya wa simu. Nikimsogeza askari wangu ubaoni hapa Singida, hatua yangu ilikwenda kwa kujivuta, na huku saa yangu haikusubiri. Mwenzangu wa Ulaya alikuwa na dakika tatu. Mimi nilikuwa na kile kilichobaki baada ya waya kuchukua chake. Nikajizoeza kuamua kabla mpinzani hajasogeza, nikiwa na jibu la kila atakachofanya. Walioniangalia walidhani nabahatisha.

Akaunti yenyewe ilikuwa kwa jina la kaka, kama leseni, kama umeme, kama simu. Alama zilizokuwa zikipanda kwenye jina hilo zilikuwa zangu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam tuliyezoea kukutana huko mtandaoni. Alikuwa kocha wa sataranji, mtu mzima, na tulifungana kwa zamu. Baada ya mchezo alikuwa akiandika maneno mawili matatu: "Umenikamata vizuri, ndugu yangu," au "Leo umelala." Nilijibu kwa mkato kwa sababu mara nyingi kulikuwa na mteja mgongoni. Siku moja akaandika kwamba atasafiri kwenda Mwanza, atashuka Singida anione, kwani anakusanya wachezaji wa mikoani. Nilimwambia kaka siku ile ile: kuna mgeni wangu wa sataranji anakuja. Kaka akasema mgeni hapokelewi na binti stendi, atakwenda yeye.

Siku ilipofika, huko stendi mgeni akaulizia lile jina la mtandaoni. Kaka akajibu, "Ndiye mimi." Wala hakudanganya, jina lilikuwa lake. Uongo ulianza hatua ya pili, alipoambiwa, "Aisee, bingwa, nimefurahi kukuona," naye akacheka na kuubeba mkoba wa mgeni.

Duka lilifungwa kwa heshima ya mgeni, nikapika nyumbani. Nilipoingia na sinia nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, binti," akaendelea kuzungumza na kaka. Nikadhani kaka ameshamwambia na wanasubiri nikae. Kaka akachukua firigisi, akamwekea mgeni kama ilivyo desturi. Mgeni akairudisha kwenye sahani ya kaka. "Hapana, hii ya bingwa," alisema. Kaka akanitazama mara moja tu, kisha akaila.

Hapo ndipo kocha alipoanza kumweleza kaka habari zangu. Nilisimama na jagi la maji ya kunawa, nikasikiliza.

"Kwanza uwezo wako," alisema. "Una kasi ambayo sijaiona mikoani. Halafu huogopi kutoa. Unaweza kumtoa ngome, hata malkia, mkono hautetemeki, kwa sababu unaona mbele. Na ukibanwa ndiyo unakuwa hatari zaidi."

Kaka akatikisa kichwa kwa unyenyekevu. "Tunajitahidi, kocha."

Tunajitahidi. Nilitamani kummwagia lile jagi.

"Lakini tuseme ukweli, mwisho wa mchezo unalegea," kocha akaendelea. "Umeshashinda, kimebaki kumalizia, ghafla unasogeza ovyo. Mara nyingine unapotea kabisa mpaka saa inakwisha. Huna subira. Na una hasira, ndugu yangu. Nikikufunga unataka tucheze tena pale pale."

"Hilo nalijua," kaka alisema. "Nitalifanyia kazi."

Sijawahi kuona mtu akipokea lawama kwa utulivu namna ile, na kwa nini asitulie, hazikuwa zake. Mwisho wa mchezo nilikuwa nikilegea? Mwisho wa mchezo nilikuwa nimesimama kwenye printa nikichomoa karatasi iliyonasa. Nilikuwa namsomea mzee wa alizeti kutoka Iguguno barua ya mwanawe, na mzee huyo akitaka aya ya salamu irudiwe. Nilikuwa naitwa na kaka nimpelekee chai kijiweni. Askari wangu amebakiza hatua mbili afike mwisho wa ubao awe malkia, na mimi nahesabu chenji. Kocha aliiona saa yangu ikiisha, akaipa jina: kukosa subira. Kuhusu hasira alisema kweli, na angejua sababu zake angeziongeza kwenye uwezo.

Wakamaliza kula. Kocha akafungua mkoba, akatoa ubao wa kukunja na saa ya mchezo. "Tupashe kidogo," alisema. Kaka akakohoa, akasema tumbo limejaa. Mgeni alikuwa ameshaanza kupanga vinyago. Kaka alijua kila kimoja kinavyotembea, nilimwonyesha mwenyewe siku umeme ulipokatika. Akajisogeza, akakunja mikono ya shati, akavaa ule uso wake wa kijiweni.

Aliyewahi kucheza drafti ya stendi zetu anaijua sheria: kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mdomoni huna hiari, unakula, hata kama unaona wazi kwamba ukila unakwisha. Ukiiacha, kijiwe kizima kinakushukia. Kaka alikuwa na miaka mingi ya sheria hiyo kwenye vidole. Kocha akaweka askari njiani, kaka akamla. Kocha, kwa kujaribu, akasogeza farasi, kaka akamla. Akatolewa ngome, akala pia, akivipanga vinyago alivyokamata pembeni ya sahani ya mifupa na kunikonyeza. Alikuwa ameshiba pande zote mbili. Hatua mbili baadaye mfalme wake alifungwa kwenye kona hana pa kutokea.

Kocha akatazama ubao, akamtazama kaka. "Mtandaoni huchezi hivi."

"Uchovu," alisema kaka. "Na huku mtu unamwona usoni, inakuwa tofauti."

Mama alikuwa mlangoni. Aliniona nikiweka jagi chini, akanisemesha kwa Kinyaturu, taratibu, ili mgeni asielewe: nirudi jikoni, nisimvunjie kaka yangu heshima mbele ya mtu. Mama hakuwa mbaya. Kwetu mdogo hamwaniki mkubwa wake mbele ya mgeni, hata kama mkubwa amekalia kiti chako. Nililijua hilo tangu utoto na nililiheshimu kila siku ya maisha yangu mpaka siku ile.

"Sio uchovu," nilisema. "Anayecheza mtandaoni ni mimi."

Kaka alicheka. Kocha hakucheka. Akaniuliza mchezo wetu wa mwisho uliishaje, nikamwambia: ulinibana upande wa mfalme, nikatoa malkia, ukamla, nikakufunga kwa farasi, ukaandika kwamba umejitakia mwenyewe. Akapanga vinyago upya. Kaka akainuka kwenye mkeka bila kuambiwa.

Mchezo ule naukumbuka wote, ila sitamchosha msomaji. Nitasema tu kwamba tulifika mwisho, vimebaki vinyago vichache, mimi nimemzidi askari mmoja, na duka lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyeniita. Hakuna karatasi iliyonasa. Nilimsindikiza yule askari hatua kwa hatua, nikimkinga kwa mfalme, kwa raha ambayo sikuwahi kuipata, na saa yangu ikiwa na muda wa kutosha. Kocha akalaza mfalme wake ubaoni, ndiyo namna ya kukubali kushindwa.

"Kumbe," alisema, akacheka kwa furaha kabisa. "Vizuri zaidi. Wasichana ndio hatuna." Akaeleza kwamba mwezi ujao kuna kambi ya mazoezi Dar, nafasi ya msichana mmoja iko wazi, na watakaofanya vizuri watasafiri kucheza nje ya nchi. Nilifungua mdomo kusema nitakuja.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alimgeukia kaka. "Utamruhusu?"

Nilikuwa nimetoka kumfunga. Ubao ulikuwa bado upo pale, mfalme wake amelala. Na swali likaenda kwa mtu aliyeshindwa na tamaa ya ngome.

"Inshallah," kaka alisema. "Hakuna shida kabisa, kocha. Atakuja."

Mtu wa kwetu angeelewa. Mgeni aliyekula chumvi yako humwambii hapana, kama vile humwachi aondoke mikono mitupu. Unamwambia inshallah, unamfungia jogoo kwenye kapu, unamsindikiza hadi basi, na kilichosemwa kwenye mkeka kinabaki kwenye mkeka. Kocha alikuwa mtu wa Dar. Alisikia ndiyo, akaondoka na jogoo wake.

Jioni nikamuuliza kaka nianze kujiandaa lini.

"Ujiandae uende wapi?"

"Umemwambia nitakwenda."

"Yule mgeni. Ulitaka nimwambie hapana, mifupa haijatoka mkekani?" Akawasha redio. "Na dukani atakaa nani? Umeshaniaibisha mbele ya mtu, haikutoshi?"

Nikamwendea mama. Mama akasema niache mambo yapoe. Mambo yalipoa vizuri sana, mpaka mwezi ukapita. Watu huniuliza mbona sikutoroka. Mtu anayeuliza hivyo alikuwa na nauli mkononi. Yangu yote ilipitia kwa kaka, na Dar pa kufikia palikuwa kwa shangazi, ambaye asingenifungulia mlango bila neno la kaka. Kumwandikia kocha kungekuwa kumtangaza kaka kuwa mwongo kwa mara ya pili, na mama aliniomba nisifanye hivyo, akilia. Sikumwandikia. Nilikuwa nikikaa mbele ya ile kompyuta nikiwafungulia watu akaunti zao.

Kambi ilikuwa imeshaanza nilipouona ujumbe wa kocha kwenye ile akaunti ya sataranji. Duka lilikuwa limejaa, ilikuwa siku ya matokeo ya mitihani. Kocha alikuwa ameandika kwa adabu, kwa sentensi ndefu za mwalimu. Alisema walinisubiri, kisha nafasi wakampa mwingine. Alisema kipaji ninacho na kasi ninayo, na hata mwisho wa mchezo aliona naweza. Kisha akasema ameijua sasa kasoro yangu kubwa, na ananiambia kwa faida yangu: ninaahidi na sitimizi. Nijirekebishe, maana mchezaji asiyeaminika hafiki popote.

Niliusoma nimesimama. Mteja aliniomba nimtolee karatasi, nikamwambia asubiri. Kaka alikuwa mlangoni akizungumza na watu, na mara ile sikumjali yeye, wala mama, wala desturi.

Nikaandika: "Uliyemwomba ni kaka. Aliyekuahidi ni kaka. Mimi hukuniuliza."

Nikatuma, nikaenda kwenye printa.