Swali la Papa Ilunga, Kutoka Kasumbalesa Hadi Kasapa

Niliondoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kwa sababu moja: kadi yangu ya uwakala wa bima ilikaribia kwisha muda, na hawaiongezi mpaka mtu akae siku mbili darasani Lubumbashi na kufaulu mtihani. Miaka yote hii nawauzia madereva bima mpakani. Nani wa kunifundisha mimi, mama mzima?

Asubuhi mapema, msururu wa malori ulikuwa kama umelala. Papa Ilunga, mzee mteja wangu, ambaye mali yake yote ni lori moja, alinipungia mkono. Siku chache nyuma aliniuliza jambo, nikamjibu harakaharaka na kusahau.

Njiani nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Vichuguu virefu vilipita dirishani kimoja kimoja, nikaota vimepanga foleni kununua bima kwangu.

Saa nne nilikuwa Lubumbashi, mtaa wa Kasapa, kwa Tantine Kabedi, mdogo wake marehemu mama. Mijakaranda ilikuwa imechanua, maua yakidondoka hadi kwenye sahani ya bukari, ugali wa kwetu.

"Weye na mvi yote hii, unarudia masomo?" akacheka.

"Banatulazimisha, Tantine."

Siku ya pili ya darasa, asubuhi baada ya chai, mkufunzi, mama mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, alimtaka kila mmoja wetu arudie swali la mwisho aliloulizwa na mteja, na jibu alilompa. Nilisimama nikiwa nusu ndotoni.

"Papa moja aliniuliza: camion yangu ikipinduka, banailipa? Nikamuambia: ndiyo, papa, kila kintu iko mu ndani."

Darasa zima likanigeukia.

"Mama," mkufunzi akasema taratibu, "ile karatasi inalipa bale batu yeye anagonga. Camion yake, hapana."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilisoma hayo zamani, kisha nikazoea kusema ndiyo, maana ndiyo huuza. Usingizi wote ukanitoka. Mtihani nilifaulu na kadi mpya nikapewa, lakini niliona aibu hata kuitazama.

Alasiri nilirudi bila kufumba jicho. Vichuguu vilikuwa vilevile, ila sasa kila kimoja nilikiona kama lori lililopinduka.

Kasumbalesa, lori la Papa Ilunga lilikuwa limebakiza magari manne tu kufika kwenye kizuizi cha mpaka. Nikapanda hadi mlangoni kwake, nikamwambia kwamba nilimdanganya, lori lake halimo ndani ya bima ile. Akazima injini.

"Na kadi balikupatia?"

"Balinipatia, papa."

Akatoa mkataba wake, ungali ndani ya plastiki ileile niliyomkabidhia, haujafunguliwa hata mara moja.

"Basi unisomeye. Yote. Tangu mwanzo."

Kuuza nilikujua siku nyingi. Kumsomea mteja karatasi yake ndiko nilikokwenda kujifunza, na somo lenyewe nilianza kulifanya pale. Malori ya mbele yakasogea. Nyuma yetu honi zikalia. Papa Ilunga hakuwasha gari.