Hodi kwenye Ubao wa Mwisho

"Mjomba, kwa nini unagonga ubao kama unabisha hodi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, kwenye karakana yake ya makabati pale Kambarage. Mjomba Akida alikuwa ameegemeza sikio kwenye mlango wa kabati, anagonga kwa vifundo vya vidole mara tatu, anasikiliza, anasogea.

"Ukikua nitakwambia," alisema.

Mkewe, Anti Zuwena, akadakia: "Kwetu alikuja kuposa bila hata hodi. Adabu zake zote kazitunzia mbao!"

Nilicheka. Mjomba akatazama mlango. Hutazama milango sana. Hali chakula ndani ya chumba kilichofungwa. Hukaa kizingitini, sahani mapajani. Hulala dirisha wazi hata masika, mbu wamle. Tulijua kwamba ujanani alichimba dhahabu Rwamgasa, akarudi na kovu kichwani, na hadithi hata moja hakurudi nayo.

Kazi yake nimeijua kwa kumfuata kila likizo. Siku hizi watu wanataka bodi za vinia zinazotoka kiwandani zimeshapakwa vanishi: ngozi nyembamba ya mti wa kweli imebandikwa juu ya ubao wa kawaida. Ukiikwaruza basi, huwezi kuipiga msasa ikarudi. Kwa hiyo ufundi wote uko kwenye kuchagua. Desemba iliyopita, nilipomaliza kidato cha tatu, tulikwenda kuchagua Kahama. Mjomba alitoa kila bodi nje juani, akaiinamisha, akaigonga.

"Mzee, unanunua au unachumbia?" kijana wa duka akamtania.

"Nachumbia. Na huyu ni mwongo." Akagonga katikati. Sauti ikageuka, po, kama kibuyu kitupu. Gundi haikushika. Akairudisha, akachukua zile tu zilizotoka gogo moja, akaziwekea alama za chaki ili mistari ya mti itiririke toka ubao mmoja hadi mwingine.

Zilikuwa za Mama Limi, mama mmoja wa biashara ya mchele aliyejenga Rwamgasa. Anti Zuwena hakutaka aende huko. Mjomba akaniambia, "Twende wote, Shadya. Nisiwe peke yangu." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na maduara, yale mashimo ya dhahabu ya zamani, hayajafukiwa. Ndani, Mjomba alikuwa anafunika ukuta wa korido, jikoni mpaka bafuni. Nyuma ya bodi kulibaki uwazi wa mabomba, mwembamba, wa mtoto kupenya kiubavu.

Na mtoto alikuwepo. Limi, miaka minne, alimpenda Mjomba kuliko pipi. Mjomba akigonga ubao mara tatu, naye anajibu kwa kangumi kake popote alipo, chini ya meza, upande wa jikoni: ko, ko, ko. Mama yake alikuwa ameapa: "Atakayegusa bodi za fundi, fimbo!"

Ikafika bodi ya mwisho. Mjomba alikwenda kuswali alasiri, mimi nikaenda kuteka maji. Tuliporudi akaiegesha, akagonga. Nyuma ya ubao sauti ikajibu: ko, ko, ko.

"Upo jikoni wewe, nakujua!" Mjomba akacheka. Akapaka gundi, akakandamiza, akapigilia misumari.

Kisha Mama Limi akarudi kutoka mashine ya kukoboa mpunga, akamwita mwanawe. Akaita tena. Sauti yake ikapanda mpaka majirani wakatoka, na mtu mmoja akasema lile neno ambalo kila mmoja alikuwa analikwepa: "Mashimoni!"

Tulikimbia na kamba. Nilisimama ukingoni mwa duara moja, hewa baridi inanipanda miguuni. Nikaita, "Limi!" Shimo likaniitikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nikageuka kumtafuta Mjomba. Hakuwepo.

Nilimkuta koridoni, uso umepauka kama majivu.

"Shadya. Nilipofunga, jikoni kulikuwa na mtu?"

Nilitazama mlango wa jikoni. Kufuli. "Kumefungwa, Mjomba. Mama Limi aliondoka na ufunguo."

Akaegemea bodi ya mwisho. "Alinijibu," alisema. "Alinijibu, na mimi nikafunga."

Akagonga. Kimya. Akasogea, akagonga. Kimya. Nilikuwa naomba Mungu huku nimejiziba mdomo. Karibu na bafu, chini kabisa, ikaja moja tu, hafifu.

Ko.

Alichukua mtaimbo. Zile bodi alizozichumbia Kahama akazipasua kama maboksi. Akaingiza mkono, kichwa, mabega. Mtu asiyeweza kula chumbani akaingia mwenyewe kwenye giza lile, akatoka na Limi kifuani, amelowa jasho, nywele zinanuka gundi, midomo imekauka.

"Usimwambie mama," Limi akanong'ona.

Mama Limi aliingia analia, akimwita mama yake kwa kilugha, "Mayo wane! Mayo wane!" Fimbo haikukumbukwa na mtu.

Jioni Mjomba alikaa kizingitini. Chai ilipoa mkononi.

"Uliniuliza ukiwa mdogo," alisema. "Duara lilipotuporomokea, mimi nilibaki juu, mwenzangu Masalu chini yangu. Katikati matimba, zile nguzo za kuzuia udongo. Nikigonga, anajibu. Waliponitoa niliwaambia, jamani, kuna mtu, anajibu. Wakasema hayo ni mawe yanajipanga. Wakaacha kuchimba." Akatazama mlango. "Ndiyo maana nabisha hodi, Shadya. Sifungi ubao mpaka uninyamazie. Leo haukuninyamazia, na bado nilifunga."