Ufa wa Nyuma ya Nyumba

Harufu ya machicha ya ulezi, ile chachu inayopanda mpaka puani, hunikuta hadi leo nipitapo karibu na vilabu vya pombe hapa Sumbawanga, na kila mara najikuta nimeinamisha kichwa kama mtoto mwenye kosa.

Nilikuwa na miaka tisa, tena mvivu, nakiri. Mama alikuwa amechuja pombe ya kipaimara cha kaka yangu, akanituma nipeleke ndoo mbili za machicha kwa nguruwe wa mjomba, ng'ambo ya kijiji. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na jabali lenye ufa mwembamba, usiojaa hata mvua inyeshe vipi. Nikamwaga machicha yote humo, nikasuuza ndoo vizuri, nikaenda kucheza.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi chemchemi ya bondeni, iliyotegemewa na kijiji kizima, ikawa inanuka pombe. Wanawake walicheka sana. Mmoja akasema leo watoto watafika shuleni wamelewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona makapi ya ulezi yakielea kwenye kata yangu.

Niliporudi nyumbani nikamkuta baba ameinama juu ya ule ufa, kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe mkononi. Dawa ilikuwa imekwisha muda wake, na baba alikuwa mtu mwangalifu: hakutaka kuimwaga uani tulikochezea, wala shambani.

"Baba, usimwage. Inakwenda kwenye chemchemi."

"Nani kakwambia?"

Nikamweleza habari ya machicha huku nalia, maana nilijua fimbo inakaa wapi. Hakunipiga. Alifunga kopo, akakaa juu ya jabali mpaka mama alipomwita kula. Baadaye alilipeleka kopo kwa bwana mifugo, akauzungushia ufa miiba.

Sekondari nilifundishwa kwamba udongo huchuja maji, lakini mwamba uliopasuka huyapitisha na uchafu wake wote. Nikazidi kujiona shujaa. Siku tulipoanua matanga ya baba, nilimsimulia mama kwa majivuno jinsi nilivyoiokoa chemchemi, na jinsi baba alivyonisamehe.

Mama alinitazama kidogo.

"Kopo lile lilikuwa la nne, mwanangu," alisema. "Matatu tulikuwa tumeshayanywa. Angekupiga kwa uso gani?"