Jile Yenye Joséphine Alikataa

Jumamosi, tarehe 20 Julai 2019, saa nne ya asubuhi. Hapo njo maisha yangu yaliharibika.

Viboko walimuacha bibi yangu, mama ya watoto wangu, hai siku tatu. Wakubwa walimumaliza kwa nusu saa.

Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini hii nimeandika mwenyewe. Soma.

Mwaka 2002, vita ilipotufikia, Joséphine alikimbilia ziwa la Kamimbi, kwenye njia ya Punia. Kuogelea hakujua hata kidogo. Akajificha ndani ya matete, maji mpaka kifuani, viboko wanapumua pale karibu. Askari wakaona zile pua, wakageuka.

Siku tatu. Akatoka muzima.

Leo ile ziwa ni rezerve. Iko bango kubwa, iko mashua ya moteri. Watu wanatoka Kindu kuangalia nyama wa pori na kuvutwa na kamba juu ya ubao. Joséphine alikuwa anawapikia samaki.

Shefu wa rezerve, Ferdinand, akasikia ile habari ya matete. Akamuambia Joséphine wageni wanapenda mambo ya vita, apande mashua awaonyeshe pale alijificha.

Bibi yangu hakutaka. Lakini ukimukatalia shefu, kesho sufuria yako iko na mwingine.

Siku ile, jile, yale makoti ya kuelea, zilikuwa tano. Wageni watatu, Ferdinand, na Alain wa moteri. Zikaisha.

"Na mama?" nikauliza.

"Papa Onema, huyu mama ni wa maji," Ferdinand akasema. "Viboko njo shemeji zake."

Wageni wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo. Hiyo inanikula mpaka leo.

Nikabaki kando ya maji. Sauti juu ya ziwa inafika mbali. Nikamusikia Joséphine, polepole kabisa: "Zima moteri. Iko kiboko mama na mutoto hapo."

Ferdinand akamuamuru Alain azunguke tena. Mugeni mumoja alikuwa hajapiga picha.

Kiboko jike akainua ile mashua kama sahani.

Watu watano walielea.

Tulipomutoa Joséphine, nikatafuta kitu cha kumufunika. Mulinzi, Exaucé, akasema shitingi ya turubai iko ndani ya depo, lakini ufunguo anao shefu. Tukavunja kufuli.

Ndani, jile kumi na mbili. Mupya. Bado kwenye plastiki.

Ferdinand hakuona hata haya. Akasema zinangoja siku ya kufungua rezerve rasmi, wakubwa wakija wasikute jile chafu.

Nikazunguka maofisi ya Kasuku, kule Kindu, miaka na miaka. Kaa hapo, papa. Rudi kesho, papa. Mwaka huu njo wamenipa ripoti. Iko kwa Kifaransa, binti yangu Bibiche akanisomea.

"Marehemu alipewa jile, akakataa, akisema itamuharibia kilemba."

Bibiche akarudia kusoma.

Nyinyi munaopeleka watoto kwenye maziwa, muntu akikuambia wewe ni wa maji, shuka. Usicheke kama mimi.

Na nyinyi munaotia saini, nawauliza kitu kimoja tu. Tano zilikuwa kwenye shingo za watu. Kumi na mbili zilikuwa nyuma ya kufuli.

Joséphine alikataa jile gani?