K Iliyokosekana Ukutani

Saa mbili asubuhi. Shule imefungwa kwa likizo, madawati yamerundikwa barazani, na ndani ya darasa la pili mwanamke mmoja amesimama juu ya meza, brashi mkononi, penseli nyuma ya sikio. Mbele yake ukutani kuna goti la rangi ya kahawia, kubwa kama sufuria. Chini ya goti ameandika herufi moja tu: K.

Anashuka. Anatoa daftari kwenye mfuko wa aproni, anasoma, analirudisha, anapanda tena. Anaandika N. Anashuka tena.

"Wenzangu wananicheka," anasema bila kugeuka. "Neno la herufi nne, napanda na kushuka kutwa nzima. Waache wacheke."

Mashuleni wanamwita Mama Rangi. Ana miaka arobaini na minane, na kwa miaka kumi na saba amekuwa akichora kuta za madarasa: ramani, saa, sehemu za mwili, na maneno ya Kiingereza chini ya picha. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, aliyekuwa akiandika vibao vya maduka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano. Shule hupatikana wakati wa likizo tu. Malipo ya shule moja humtosha kodi ya miezi miwili, na siku nyingine hupaka nyumba za watu.

Ameshachora shule arobaini na tatu. Moja haimtoki moyoni.

Ni miaka kumi na moja sasa. Ilikuwa shule ya binti yake, mtoto wake wa pekee. Mwalimu mkuu alimpa karatasi ya maneno yanayoanza kwa K na N, ambayo K yake huandikwa lakini haitamkwi: "knee", yaani goti; "knife", kisu; "knock", kubisha mlango; "knot", fundo la kamba. Alimsomea moja moja. Kesho yake mvua ilimkuta njiani, karatasi ikalowa, wino ukatapakaa.

Alichotakiwa kufanya ni kurudi ofisini kuomba nyingine.

"Niliona haya," anasema. "Mkuu alikuwa ameshanieleza taratibu, kama mtoto mdogo. Nikajiambia, si nimeyasikia? Nikaandika nilivyosikia."

Akaandika "nee". Akaandika "nife" na "nock". Chini ya kamba yenye fundo akaandika "not", neno ambalo Kiingereza kinalo, ila maana yake ni "si". Picha zilipendeza. Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akasifu rangi, akamlipa.

Muhula ulipoanza, walimu waliliona kosa. Wakaambiwa ukuta utarekebishwa muhula ujao. Ukapita mwaka, ikapita minne, na hakuna aliyemwambia mchoraji.

Binti yake alikuwa darasa la tatu, chumba kilekile. Imla za Kiingereza alirudi nazo zimejaa wino mwekundu. Mama hakuweza kuzisoma, ila alama za kukosa alizijua.

"Nilimgombeza sana," anasema, na hapa anaweka brashi chini. "Nikamwambia, maneno yapo ukutani, mwandiko wa mama yako, na bado unakosa? Hakunijibu hata neno."

Sababu ya ukimya ule aliijua miaka miwili iliyopita, alipokwenda kuchora shule nyingine na kumkuta pale mwalimu aliyemfundisha binti yake. Mwalimu alimsimulia kwamba siku moja wanafunzi waliucheka ukuta, na mmoja akasema aliyeuandika hakusoma. Binti akasimama akasema aliyeandika ni mama yake. Tangu siku hiyo, kila imla, aliandika maneno yale bila K.

Mwalimu alidhani ni ukaidi, mpaka alipolifungua daftari lake la nyumbani. Humo kila K ilikuwa mahali pake. Akamwita pembeni, akamuuliza. Mtoto akamjibu: "Nikiandika K, mama atakuwa amekosea."

"Siku ileile nilipaswa kukuita wewe," mwalimu alimwambia Mama Rangi. "Sikukuita."

Alama za binti ziliendelea kushuka. Alihamishiwa dawati la nyuma, akakichukia Kiingereza, na alipomaliza shule ya msingi hakupata nafasi ya sekondari.

"Siwezi kusema ni ukuta peke yake," anasema mama yake. "Lakini mlango wa kwanza niliufunga mimi."

Kesho yake baada ya kusimuliwa na mwalimu, alibeba kopo la rangi nyeusi hadi shule ile. Akakuta chumba kizima kimepakwa rangi ya maziwa. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akitafuta hata kivuli cha goti. Mlinzi alimuuliza amepoteza nini.

"Hata kosa lenyewe sikuachiwa nilifute," anasema.

Jioni ile alimwambia binti kwamba ameshajua. Binti alikuwa akiosha vyombo. Akasema hayo mambo ya utotoni, mama, akampa kikombe akifute. Mama Rangi anasema binti angelia au angepiga kelele, yeye angepata nafuu zaidi.

Siku hizi anahudhuria masomo ya watu wazima mara mbili kwa wiki. Daftari lake lina kurasa tatu za K na N: "kneel", kupiga magoti, "knead", kukanda unga, "know", kujua. Kabla ya kuugusa ukuta, kila neno huliuliza kwa walimu wawili. Shule za zamani anazipitia moja moja. Sita amezikuta na makosa, akayarekebisha bila malipo.

Binti yake ana miaka ishirini. Anaishi mji mwingine, ambako yeye na rafiki yake wamepanga chumba cha duka, wanafuma masweta ya shule kwa mashine. Mwezi uliopita alipiga simu, akamwomba mama amwandikie kibao cha mlangoni, na neno la kufuma liwe kwa Kiingereza, kama majirani zake walivyoandika. Mama akamwomba amtajie herufi zake.

"Andika tu, mama," binti alimjibu. "Utakavyoandika, ndivyo nitakavyokitundika."

Kibao kipo nyumbani, kimepakwa nyeupe mara mbili, hakina hata nukta. Neno lenyewe, "knitting", analijua sasa, K yake na yote. Lakini Jumamosi, akimaliza darasa hili, atapanda basi na kibao kitupu na kopo la rangi, wakae wote wawili nje ya mlango wa duka, binti ataje herufi na yeye aandike.

"Na moja nitaikosea makusudi," anasema. "Nataka anisahihishe. Hata mara moja tu, mbele ya watu."